Kutafuta ujauzito: tabia za kubadilisha kwanza, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila wiki. Nile nini nishike mimba? Nimeacha sindano ya uzazi wa mpango, mbona kimya? Kitambi kinaziba mirija? Dawa ya kusafisha kizazi naipata wapi? Nimeona niyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio unaoweza kuufuata, ili atakayeuliza kesho atumiwe mwongozo huu.

Mwongozo ni wako unayetafuta mtoto sasa hivi, au unayepanga kuanza miezi michache ijayo. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: tabia zetu za kila siku hazina uzito sawa. Kukosea siku, sigara, uzito uliozidi au uliopungua mno, magonjwa ya zinaa na kujisafisha ndani ya uke, hayo yana athari kubwa. Maji ya bamia na mbegu za maboga ni chakula kizuri, basi. Wala hakuna tabia njema inayoweza kuzibua mirija iliyokwisha kuziba, kwa hiyo usiutumie mwongozo huu kusogeza mbele safari ya hospitali.

Kabla hujaanza, jipime hapa

Kama una chini ya miaka 35, fuata hatua hizi na ujipe mwaka mmoja wa kujaribu. Ukiwa na 35 au zaidi, ni miezi 6 tu. Ukiwa umefika 40, nenda kwa daktari wa wanawake sasa, na hatua uzifuate huku unapimwa.

Vilevile usisubiri mwaka kama hedhi inapotea miezi mitatu au zaidi, uliwahi kupata mimba ya nje ya kizazi, uliwahi kuugua maambukizi makali ya nyonga au kufanyiwa upasuaji wa tumbo, au maumivu ya hedhi yanakulaza kitandani.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari dogo na kalamu. Programu ya simu inafaa pia, ila nyingi huanza kwa kudhani mzunguko wako ni wa siku 28, kisha zinakupangia siku ambazo si zako.
- Mizani, na futi ya fundi cherehani ya kupimia urefu.
- Vidonge vya foliki asidi vya mikrogramu 400.
- Orodha ya kila unachotumia: dawa za hospitali, za miti shamba, sindano, krimu za ngozi.
- Mwenza aliyekubali kushiriki. Bila yeye utafanya nusu ya kazi.

Vijiti vya kupima ovulesheni (yai kutoka) kwa mkojo si lazima. Vinasaidia, lakini daftari na macho yako vinakutosha kuanzia.

Hatua ya 1: Ijue siku yako halisi

Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile damu inapotoka kamili ya kuhitaji pedi. Vitone vya jana yake usivihesabu. Andika tarehe. Hedhi inayofuata ikianza, andika tena, kisha hesabu siku zilizopita tangu ile tarehe ya kwanza. Huo ndio urefu wa mzunguko. Kati ya siku 21 na 35 ni kawaida, na kubadilika siku mbili tatu mwezi hadi mwezi kusikutishe.

Kosa kubwa hapa ni kung'ang'ania "siku ya 14". Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, kwa hiyo mwenye mzunguko mrefu na mwenye mfupi hawawezi kulingana. Toa 14 kwenye urefu wa mzunguko wako:

- Siku 32: 32 − 14 = 18. Yai litatoka karibu na siku ya 18.
- Siku 26: 26 − 14 = 12. Yai litatoka karibu na siku ya 12.

Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani yako hadi siku 5. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni sita: ile ya yai na tano zilizoitangulia. Wa siku 32 ana siku ya 13 hadi 18. Wa siku 26 ana siku ya 7 hadi 12, yaani zinaanza tu pale damu inapokata. Huyu akisubiri siku ya 14, kila mwezi anafika yai limeshakufa, na anaweza kwenda hivyo miaka bila ugonjwa wowote.

Hesabu ni makadirio, kwa hiyo ihakikishe kwa ute. Kabla ya kukojoa, jifute kwa tishu, uchukue kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, uvitenganishe taratibu. Baada ya hedhi mara nyingi ni pakavu. Kisha unakuja ute mzito, mweupe, kama losheni. Siku zako zikifika unakuwa mwangavu, unateleza, na unavutika sentimita kadhaa bila kukatika, sawa na ute wa yai bichi la kuku. Hapo ndipo penyewe. Ukishakauka au kuwa mzito tena, dirisha limefungwa mwezi huo.

Kutaneni kila siku au siku moja baada ya nyingine ndani ya zile siku sita. Kuna waume wanaoambiwa "waweke akiba" wiki mbili ili mbegu ziwe nyingi. Mbegu zilizokaa muda mrefu huwa dhaifu, hivyo akiba hiyo haina faida. Msitumie mate kulainisha, maana hupunguza mwendo wa mbegu. Vilainishi vingi vya dukani navyo ni hivyo hivyo. Kama ukavu ni tatizo, tafuta kilichoandikwa kuwa ni salama kwa wanaotafuta mimba. Kuinua miguu ukutani nusu saa si lazima, na majimaji yanayotoka ukisimama yasikutie hofu: mbegu zinazoweza kufika zimeshatangulia.

Hatua ya 2: Anza foliki asidi leo

Kidonge kimoja cha mikrogramu 400 kila siku, kuanzia sasa mpaka wiki 12 za ujauzito. Kazi yake si kukufanya ushike mimba. Inamkinga mtoto na mgongo wazi, na uti wa mgongo wake hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wengi hawajui kama wameshika. Anayesubiri kuanzishiwa kliniki huwa amechelewa kwa hilo.

Soma paketi. Vidonge vya miligramu 5 vinauzwa pia, na hiyo ni zaidi ya mara 12 ya kipimo ninachokitaja. Hivyo ni vya mtu maalumu: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kifafa. Hao waandikiwe na daktari.

Hatua ya 3: Acha kujisafisha ndani

Hapa nakaa, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapotea na ndipo madhara yanapoanzia.

Uke una bakteria wake wa ulinzi wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo inazuia vijidudu vingine kuota. Ukiingiza sabuni, ndimu, siki, shabu, ugoro au maji kwa kuchokonoa kwa vidole, unawaua walinzi hao na kuchubua ngozi laini. Vijidudu vinashamiri, harufu inarudi kali kuliko mwanzo, nawe unaongeza kusafisha. Vikipanda kupita mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, huacha makovu. Mirija ni myembamba sana. Kovu dogo linatosha kuiziba, au kulinasa yai lililorutubishwa na kukuletea mimba ya nje ya kizazi.

Zile "lulu" za kuweka ukeni zinazouzwa mitandaoni kwa jina la kusafisha kizazi ziko kundi hilo hilo. Muuzaji anakuonyesha picha ya uchafu uliotoka siku ya tatu. Kinachotoka ni ute na utando wako mwenyewe uliounguzwa. Kizazi hujisafisha kila mwezi kwa hedhi, na hakihitaji msaidizi. Vidonge vya kubana na kujifukiza moshi navyo viache.

Osha nje tu kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma. Imetosha.

Halafu mpime maambukizi, wote wawili. Klamidia mara nyingi haina dalili yoyote kwa mwanamke. Inaharibu mirija kimya kimya. Kisonono nacho kinaweza kujificha. Nina ugomvi wa siku nyingi na kitu kinachoitwa "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha: dada ametibiwa mara nne kwa dawa za dukani, mkojo haujawahi kuoteshwa maabara, na hakuna aliyemwangalia mlango wa kizazi, ambapo huenda ndipo tatizo lilipo. Ute wa njano au kijani, harufu, muwasho, maumivu chini ya kitovu au wakati wa tendo, nenda ukapimwe. Maliza dozi, mume naye amalize yake, na msikutane mpaka wote mmemaliza. Ukitibiwa peke yako unaweza kuambukizwa upya wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Pima uzito, kisha fanya hesabu

Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, gawanya tena kwa urefu ule ule. Mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60: 78 ÷ 1.6 = 48.75, kisha ÷ 1.6 = 30.5. Kati ya 18.5 na 24.9 ni sawa. Kuanzia 30 kwenda juu, mafuta ya mwili huvuruga homoni na yai linaweza kuacha kutoka kwa wakati. Mafuta hayazibi mirija, kama wengi wanavyodhani.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuwa mwembamba. Wenye hedhi za kurukaruka kwa sababu ya uzito, kupungua asilimia 5 hadi 10 mara nyingi kunatosha kurudisha mayai kwenye ratiba. Kwa huyu wa kilo 78 ni kilo 4 hadi 8. Anza na soda na juisi za boksi, kisha chipsi za jioni, kisha ukubwa wa bonge la ugali. Tembea dakika 30 kwa kasi ya kukufanya uheme kidogo, siku tano kwa wiki. Usinywe chai za kupunguza tumbo. Nyingi ni za kuharisha tu.

Upande wa pili hausemwi sana: chini ya 18.5 hedhi inaweza kukoma kabisa, na hali hiyo huwapata pia wanaofanya mazoezi makali kila siku huku wakila kidogo. Mwili ukiona chakula hakitoshi, hukata uzazi kwanza. Hapo dawa ni kula zaidi na kupunguza mazoezi.

Hatua ya 5: Moshi, pombe, kahawa

Sigara huharibu mayai yenyewe, na mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Yaliyoharibika hayatengenezwi mengine. Wavutaji hukoma hedhi mapema kuliko wenzao, kwa mwaka mmoja hadi minne. Shisha ni tumbaku, hata ikiwa na harufu ya tufaha, na ugoro ni tumbaku. Bangi iache pia. Mume akivuta sebuleni, moshi wake unakuhusu.

Pombe: acha kabisa kipindi hiki. Baada ya yai kutoka unaweza kuwa umeshashika na hujui.

Kahawa usiikate yote. Kikomo ni miligramu 200 za kafeini kwa siku, karibu vikombe viwili vikubwa vya kahawa ya unga unaoyeyuka majini. Chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini pia, vihesabu humo humo.

Hatua ya 6: Sahani yako

Hakuna chakula cha uzazi. Kuna mlo mzuri: mchicha, matembele, kisamvu, maharage, kunde, choroko, dagaa, mayai, parachichi, ugali wa dona, chumvi yenye madini joto. Kama hela ni ya mawazo, maharage na dagaa wanafanya kazi kubwa kuliko chochote kinachouzwa kwenye kichupa.

Mambo mawili watu hukosea. La kwanza ni chai ya rangi pamoja na mlo. Inazuia madini chuma kufyonzwa, hivyo iache ipite saa moja hivi baada ya kula, na badala yake kamulia ndimu kwenye mboga au kula chungwa. La pili ni udongo. Anayetamani sana kula udongo au mchele mbichi apime wingi wa damu, kwa kuwa tamaa hiyo mara nyingi huja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo. Kwa wa pwani: papa na nduaro wapunguzeni, wana zebaki nyingi. Dagaa, vibua na changu kuleni.

Hatua ya 7: Kagua dawa na vipodozi

Toa ile orodha uliyoandika. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa mfululizo katikati ya mzunguko zinaweza kulizuia yai kutoka. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli. Dawa za kifafa, za presha, za chunusi za kumeza na za magonjwa ya viungo, mwonyeshe daktari kabla ya kushika mimba, na usiache yoyote ghafla kwa uamuzi wako. Kuacha dawa ya kifafa peke yako ni hatari kuliko kuendelea nayo.

Mkorogo uache wote. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina zebaki au steroidi kali. Zebaki hupenya ngozi, ikaingia kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Ukiwa hospitali, pima pia presha, sukari, wingi wa damu, VVU na kaswende, na selimundu kwenu wote wawili kama hamjawahi kupima.

Hatua ya 8: Mume apime

Karibu nusu ya kesi za kuchelewa kupata mtoto zina mchango wa mwanaume, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo cha mbegu ni rahisi na cha bei nafuu kuliko karibu kila kipimo utakachofanyiwa wewe, kwa hiyo kitangulie. Nguvu za kitandani hazionyeshi wingi wa mbegu, na kuwa na mtoto wa zamani hakuhakikishi leo.

Kwake: aache sigara na bangi, apunguze pombe, asiweke kompyuta ya moto mapajani, asitumie sindano za kujaza misuli. Zile za testosteroni huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Mbegu huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo anachobadilisha leo kitaonekana baada ya miezi mitatu.

Na mawazo? Lala vya kutosha, pumzika, tafuta mtu wa kuongea naye. Lakini anayekuambia "ukiacha kuwaza utashika" mpuuze kwa heshima. Anakubebesha lawama ambayo si yako.

Ukikwama

*Nimeacha sindano ya miezi mitatu na hedhi haijatulia.* Ni kawaida. Kwa wastani, wanaoiacha hushika mimba kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Haiharibu kizazi. Ukiacha vidonge, au ukitoa kitanzi au kijiti cha mkononi, uzazi hurudi haraka.

*Nilimeza P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) mara nyingi zamani.* Huvuruga hedhi ya mwezi ule, haileti ugumba.

*Kijiti cha ovulesheni kinaonyesha mistari miwili kila siku.* Mstari hafifu si jibu. Unatakiwa mstari wa kipimo ulingane na ule mwingine au uuzidi ukolevu. Ukiwa mkolevu siku nyingi mfululizo, hasa na hedhi za kurukaruka, chunusi na ndevu, uliza daktari kuhusu mvurugiko wa homoni unaoleta vifuko vingi kwenye ovari, yaani mahali mayai yanapokaa. Usinunue dawa ya "kubalansi homoni" kabla ya kupimwa ni homoni ipi.

*Maziwa yanatoka na sinyonyeshi.* Pima prolaktini (homoni ya maziwa) na tezi ya shingo.

*Nashika lakini zinatoka.* Mimba mbili zikitoka, nenda uchunguzwe. Usiambiwe tu "jaribu tena".

*Mume hataki kupima.* Usimwambie mbele ya mama yake wala mawifi. Mwambie mnakwenda kupima pamoja, na atangulie yeye kwa kuwa chake kinaisha siku moja.

*Muda umefika, naenda hospitali.* Beba daftari lako. Daktari atalitumia kupanga vipimo kwa tarehe. Projesteroni, homoni inayoonyesha kama yai limetoka, hupimwa siku 7 kabla ya hedhi ijayo: ni siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28, na siku ya 25 kwa mwenye siku 32. Ukipimwa ya 21 wakati mzunguko wako ni wa 32, unaweza kuambiwa yai halikutoka ilhali lilitoka. Picha ya mirija hupigwa damu ikishakata na kabla yai halijatoka. Mume akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga kabla ya kipimo chake, na kama sampuli inatolewa nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa imebanwa karibu na mwili, isiwekwe kwenye barafu. Isitolewe ndani ya kondomu ya kawaida, maana mara nyingi ina vitu vinavyoua mbegu, na majibu yatatoka mabaya bila sababu.